Mtoto Aendapo Chekechea kwa Mara ya Kwanza

Hotuba kwa wazazi wafanyao kazi Upper Hill, Nairobi



Kila mwezi wa Januari, shule za Kenya zifunguapo mwaka mpya wa masomo, watoto wengi wenye umri wa miaka minne huingia shule ya chekechea kwa mara ya kwanza. Wazazi huwa wamekwisha kununua sare, viatu na mkoba, na wengi wamekwisha kulipa ada. Yote hayo ni mema. Lakini liko jambo moja lisilouzwa dukani, nalo ndilo shauri la hotuba hii: jinsi ya kumzoeza mtoto kuachana na mzazi wake asubuhi pasipo kupoteza imani yake kwa mzazi huyo.

Shauri hili linawahusu sana watu wafanyao kazi Upper Hill. Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, kilima hicho kilikuwa mahali pa nyumba za wakubwa wa reli, zilizozungukwa na bustani. Siku hizi ni mahali pa mabenki, makampuni ya bima, ofisi za serikali na hospitali, na majumba marefu kama mnara wa Britam yameinuka palipokuwa na miti. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo asili yake ni ya mwaka 1901, haifungi mlango usiku wala mchana. Wauguzi, makarani, wapishi, walinzi na wafagiaji hupanda kilimani tangu alfajiri, wengine kwa matatu mpaka kituo cha Community, wengine kwa miguu kutoka Kibera.

Wengi wa watu hao wana watoto wadogo. Kazi ikianza saa mbili, mtoto hana budi kufikishwa shuleni saa moja au kabla yake. Matatu haimngoji mtu, na aliyechelewa kazini huandikwa. Ndipo haraka inapozaa kosa.

KOSA LA MLANGONI

Kosa lenyewe ni kumtoroka mtoto. Mzazi humfikisha mtoto darasani. Mtu mmoja humwonyesha mpira au mwanasesere. Mtoto ageukapo kutazama, mzazi huondoka kwa kunyata. Watu wengi hudhani ya kuwa hiyo ni busara. Husema, mtoto hakuona, basi hakuumia. Wengine huongeza uwongo juu ya hila: "Naenda hapo nje tu, narudi sasa hivi," na kumbe hawatarudi mpaka jioni.

Yafaa kufikiri mtoto amejifunza nini siku hiyo. Hakujifunza ya kuwa shule ni mahali pema. Amejifunza ya kuwa akigeuza macho, mama yake aweza kupotea. Kesho yake hatautazama tena mpira. Ataishika nguo ya mama kwa mikono miwili, na atakapoondolewa atapiga kelele kupita jana. Nyumbani atamfuata mama jikoni mpaka chooni, na usiku ataamka kuona kama bado yupo. Watu watasema ya kuwa mtoto ameharibika tabia. La, hakuharibika. Amekuwa mlinzi, analinda kisitoroke tena kilichomtoroka.

Kwa hiyo neno kuu la hotuba hii ni moja: mzazi amuage mtoto wazi, amwambie kweli atarudi lini, kisha arudi kama alivyosema. Mtoto aliyeagwa aweza kulia, lakini kilio chake kina mwisho. Aliyetorokwa hulia, na akinyamaza bado ana mashaka.

USHAHIDI WA KAMPALA

Ushahidi wa mambo haya hautoki mbali. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Bibi Mary Ainsworth, alifika Kampala, Uganda. Alizitembelea nyumba 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji huo, tena na tena kwa muda wa miezi tisa hivi, akiwaangalia akina mama na watoto wao wachanga. Habari hizo alizichapisha katika kitabu mwaka 1967.

Aliona ya kuwa mtoto aanzapo kutambaa humwacha mama yake, akaenda kushikashika vitu na kuwachungulia watu. Kisha hugeuka kumtazama mama, au hurudi kumgusa, ndipo aende tena. Mama ni kama bandari, na mtoto ni kama chombo: chombo chenye bandari yake huthubutu kwenda baharini. Tena aliona ya kuwa watoto waliokuwa na mashaka juu ya mama zao walilia sana hata mama alipokuwa karibu nao. Waliokuwa na hakika naye ndio waliokwenda mbali wakacheza.

Watoto wale walikuwa wachanga, na mtoto wa chekechea ana miaka minne au mitano. Lakini kanuni ni ile ile. Ushujaa wa mtoto shuleni hauletwi na ukali. Huletwa na hakika ya kuwa aliyemleta atarudi kumchukua.

Wako watakaouliza: mbona mtoto aliyetorokwa hunyamaza baada ya saa moja, akakaa kimya mpaka mchana? Swali hilo lilijibiwa zamani katika Uingereza. Miaka ile hospitali nyingi za nchi hiyo ziliwazuia wazazi kuwaona watoto waliolazwa, isipokuwa kwa muda mfupi, kwa sababu mtoto alionekana kulia zaidi alipomwona mama. Mwaka 1952 Bwana James Robertson alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyekaa hospitalini siku nane. Waliotazama kwa makini waliona ya kuwa ukimya wa yule mtoto haukuwa utulivu, bali ulikuwa huzuni. Mwaka 1959 kamati iliyowekwa na serikali ya nchi hiyo ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Basi mwalimu na mzazi wasiridhike kwa sababu mtoto amenyamaza. Waangalie kama anacheza, kama anakula, na kama anasema na wenzake.

CHEKECHEA NI MAHALI GANI

Mzazi hawezi kumweleza mtoto habari za mahali asipopajua mwenyewe. Mjerumani Friedrich Froebel alifungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, na baadaye akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Alitaka wajifunze kwa kucheza, kuimba na kushika vitu kwa mikono. Katika Kenya, baada ya uhuru wa mwaka 1963, wananchi walijenga shule nyingi za namna hiyo kwa harambee, akina mama wakiwa mbele. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya elimu ya awali, na tangu Januari 2019 mtaala mpya umeweka miaka miwili, PP1 na PP2, kabla ya Gredi ya Kwanza.

Basi chekechea si mahali pa mitihani. Mzazi asimwogopeshe mtoto kwa kusema, "Usipojua kusoma watakucheka." Hakwenda kwa sababu amekwisha kujua, amekwenda ajifunze.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Kazi ya kumzoeza mtoto huanza kabla ya Januari. Majuma matatu au manne yatosha, nayo hayahitaji fedha.

La kwanza ni usingizi. Mtoto wa mfanyakazi wa Upper Hill huenda akaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Akilala saa nne usiku, ataingia darasani amechoka, naye mtoto aliyechoka hulia kwa jambo dogo. Saa ya kulala irudishwe nyuma kidogo kidogo, ili siku ya shule isiwe siku yake ya kwanza ya kuamka mapema.

La pili ni kujitumikia. Mtoto afundishwe kuvua na kuvaa suruali yake, kunawa mikono, kufungua kifuniko cha chakula chake, na kuujua mkoba wake. Watoto wengi hulia kwa sababu wamebanwa na haja nao hawajui kufungua kifungo. Nguo ya siku za kwanza iwe nyepesi kuvuliwa, hata kama ile ya vifungo vingi ni nzuri zaidi.

La tatu ni maneno. Mjini Nairobi mtoto huenda akasema lugha moja na nyanya yake, nyingine na majirani, na shuleni akakuta ya tatu. Ajue kusema maneno machache kwa lugha ya mwalimu: naomba maji, nataka kwenda chooni, ninaumwa, sitaki. Ajue jina lake kamili na la mzazi wake. Maneno hayo machache ni silaha ya mtoto aliye peke yake.

La nne ni kuzoea kuachwa kwa muda mfupi. Mama amwache mtoto kwa shangazi au jirani anayeaminika, kwanza kwa nusu saa, kisha saa moja, kisha saa mbili. Kila mara amuage, na kila mara arudi wakati aliosema. Mtoto atajifunza somo kubwa ambalo hakuna kitabu kiwezacho kumfunza: kuondoka si kupotea.

La tano ni kuiona shule. Wapite pamoja siku moja kabla ya kufunguliwa, na ikiwezekana waingie ndani. Mtoto aonyeshwe mlango, choo, mahali pa kuchezea na mahali pa kuweka mkoba. Kama aweza kumwamkia mwalimu na kulisikia jina lake, ni vema zaidi, maana mtu uliyewahi kumsalimu si mgeni kabisa.

Tena wako wazazi ambao kila mtoto akikosa husema, "Ngoja uende shule, mwalimu atakuchapa!" Mzazi wa namna hiyo amemgeuza mwalimu kuwa zimwi, kisha Januari anastaajabu mtoto akimkimbia zimwi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi yeyote kutendewa ukatili au kupewa adhabu ya kumdhalilisha, iwe ya mwili au ya moyo. Mwalimu atajwe nyumbani kama mtu wa msaada.

SIKU YA KWANZA

Katika shule nyingi za watoto wachanga za Ujerumani iko desturi ya kwamba siku tatu za kwanza mzazi hukaa na mtoto wake darasani kwa muda mfupi, kisha huondoka pamoja. Siku ya nne ndipo mzazi hujaribu kutoka kidogo na kurudi. Darasa la Nairobi lenye watoto wengi haliwezi kuwapokea wazazi wote kwa namna hiyo, lakini dakika kumi za mzazi darasani si nyingi. Katika dakika hizo mtoto aonyeshwe mahali pa kukaa, akabidhiwe kwa mwalimu mkono kwa mkono, naye mwalimu amwite kwa jina.

Kisha mzazi aage. Maneno yawe machache, na yawe kweli. Mtoto wa miaka minne hajui saa, kwa hiyo haifai kumwambia, "Nitakuja saa tisa." Aambiwe mambo ya siku yake kwa utaratibu: "Mtacheza, mtakunywa uji, mtaimba, mtakula, kisha nyanya atakuja kukuchukua." Kama ajaye ni nyanya, asiambiwe mama. Kama ni yaya, atajwe yaya. Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau.

Mtoto akilia, mzazi asimwonee haya wala asimkemee. Aseme, "Najua unahuzunika. Nitarudi." Ampe mkono, kisha aende. Asirudi mlangoni mara ya pili na ya tatu kuchungulia, kwa kuwa kila arudipo huanzisha kilio upya. Mama aweza kumwachia mtoto kipande cha leso yake ya nyumbani akiweke mkobani. Harufu ya leso ya mama humtuliza mtoto kuliko peremende.

Jioni anayemchukua awahi. Mtoto wa mwisho kubaki uwanjani, wenzake wote wamekwenda, huhesabu kila dakika. Njiani asiulizwe, "Umejifunza nini?" kama mtu aliye mahakamani. Aulizwe alicheza na nani, alikula nini, kitu gani kilimchekesha, na kitu gani hakukipenda. Kisha aachwe apumzike.

SHIDA YA SAA YA KAZI

Hapana shaka wako watakaosema ya kuwa shauri hili ni la watu wenye nafasi. Mfagiaji aliyetakiwa kuwapo kazini saa kumi na mbili na nusu hana dakika kumi za kukaa darasani. Neno hilo ni kweli, nalo lataka jibu la kweli.

Kwanza, kuaga hakuhitaji dakika kumi. Kwahitaji dakika moja. Atakayebanwa na wakati aondoe mambo mengine, asiondoe kuaga. Pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Wengi huzimaliza zote Desemba kwa safari ya nyumbani. Mwenye mtoto anayeanza chekechea aweke akiba ya siku tatu kwa ajili ya Januari, na aziombe mapema. Tatu, kwa kibarua asiye na likizo, iko njia ya kubadilishana zamu na mwenzake. Mlinzi wa usiku atokaye kazini saa kumi na mbili aweza kumpeleka mtoto mwenyewe kabla ya kulala. Kazi hii si ya akina mama peke yao, na mtoto aliyeagwa na baba yake ameagwa sawasawa.

Nne, kama anayempeleka ni yaya, nyanya au ndugu mkubwa, huyo ndiye afundishwe kuaga. Mama amuage mtoto nyumbani, mlezi amuage shuleni, wala asiachiwe hila ya kunyata. Afadhali awe mtu mmoja yule yule majuma mawili ya kwanza, maana mtoto aliyebadilishiwa shule na mlezi kwa pamoja amebebeshwa mizigo miwili.

Waajiri nao wana fungu lao. Mwenye ofisi anayemruhusu mfanyakazi kuingia nusu saa baadaye kwa siku tatu za Januari hapotezi kitu. Mfanyakazi aliyemtoroka mtoto wake yupo mezani mwili tu. Masikio yake yako kwenye simu, akingoja kupigiwa na shule.

CHAKULA NA AFYA

Njaa ni adui wa utulivu. Mtoto anywe uji au chai na mkate kabla ya kutoka, hata kama ni kidogo. Katika shule za umma za Nairobi serikali ya kaunti ilianzisha mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana uitwao Dishi na County, ambao mzazi alitakiwa kutoa shilingi 5 kwa mlo, nao uliwahusu pia watoto wa chekechea. Mzazi aulize shuleni utaratibu ukoje kabla ya siku ya kwanza, asije mtoto akakaa na njaa akiwatazama wenzake wakila.

Mzazi asishangae pia mtoto akirudi nyuma kidogo katika siku za kwanza. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani aweza kukojoa tena. Aliyekuwa akila mwenyewe aweza kutaka kulishwa. Mambo hayo hupita, kama hakuchekwa wala hakupigwa. Lakini majuma kadhaa yakipita naye bado hacheki, hali, anaamka kwa hofu usiku, au ana alama mwilini asizoweza kuzieleza, mzazi asingoje. Aende kwa mwalimu siku ile ile, na ikibidi aende hospitali.

MWISHO

Iko hoja moja iliyobaki. Wazee husema, "Sisi tuliachwa tu, na tumekua." Ni kweli wamekua. Lakini wazee hao wengi hawakuachwa peke yao kati ya wageni. Waliachwa na bibi, shangazi, ndugu na majirani waliowajua tangu kuzaliwa. Mtoto wa mji huachwa mahali pasipo hata uso mmoja aujuao. Haifai kumdai ushujaa ambao hata wao hawakudaiwa.

Wala kumuaga mtoto si kumdekeza. Kumdekeza ni kumrudisha nyumbani kila aliapo, au kumnunulia kitu ili anyamaze. Kumuaga ni kumwambia neno gumu kwa uwazi, kisha kulitimiza. Hilo ni somo la kwanza la uaminifu, na mwalimu wake ni mzazi. Njia ya mwongo ni fupi, nayo hufupika zaidi mbele ya mtoto, ambaye jioni ya siku ile ile huwa ameona kama neno alilopewa asubuhi lilikuwa kweli.

Basi Januari ifikapo, na magari yajaapo katika Barabara ya Ngong, kila mzazi apandaye kilima cha Upper Hill awe amefanya mambo matatu: amemtazama mtoto wake machoni, amemwambia kweli, na amempanga mtu wa kumchukua kwa wakati. Atakayefanya hivyo atafanya kazi yake mchana kwa moyo mweupe, na mtoto wake atacheza.